MALI BILA DAFTARI
Namna ya kukusanya, kupanga na kutunza mapishi ya nyumbani

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tulisikiapo neno hili huwaza duka, ng'ombe, au mshahara wa mwisho wa mwezi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jikoni nako mna mali, tena mali ya urithi: kujua maji yawe kiasi gani, moto uwe wa namna gani, na sufuria iepuliwe wakati gani. Mali hii haiwezi kuibiwa na mwizi, lakini hupotea kila siku katika nyumba zetu, ama kwa sababu haikuandikwa kabisa, ama kwa sababu iliandikwa kwenye kipande cha karatasi ambacho mtoto alikichukua akawashia moto.

Makala hii yahusu mali hiyo. Imeandikwa kwa ajili ya akina mama na akina baba wa kambini, ambao mapishi yao huongezeka mwaka hata mwaka kuliko ya watu wengine, na ambao kwa ajili ya uhamisho wa mara kwa mara wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuyapoteza.

KAMBI NI SHULE YA MAPISHI

Ni vigumu kupata katika Uganda mahali ambapo mapishi ya nchi nzima hukutana kama yanavyokutana katika makao ya askari jeshi na polisi. Katika safu moja ya nyumba utamkuta mama wa Teso akisonga atapa, ugali wake wa ulezi na muhogo uliotiwa ukwaju. Mlango wa pili yupo mama wa Kiacholi anayepika boo, majani ya kunde yaliyolainishwa kwa magadi na kuungwa kwa odii, yaani ufuta na karanga zilizosagwa pamoja. Mlango wa tatu mama wa Kigisu ameletewa na ndugu zake malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, naye anayaloweka tayari kuyapika kwa karanga. Mbele yake mama wa Tooro anamenya maharagwe yaliyolowekwa, moja moja, apate kupika firinda. Mama wa Ankole ana samli yake ya eshabwe, na mama wa Buganda anapitisha jani changa la mgomba juu ya moto ili lilainike, afungie luwombo.

Juu ya hayo yote yapo mapishi yaliyotoka mbali. Pilau, chapati na maandazi yametufikia kutoka pwani, nayo siku hizi hayaonwi tena kuwa mageni. Vikosi vya Uganda vilianza kupelekwa Somalia mwezi wa Machi 2007, na tangu hapo askari wengi wamerudi nyumbani wakiwa wameonja wali wa Kisomali na canjeero, ule mkate mwembamba wa kukaangwa upande mmoja. Mtu akirudi na hamu ya chakula alichokionja, mke wake au yeye mwenyewe hutafuta maelezo, nayo maelezo hayo huongezeka juu ya yale yaliyomo nyumbani.

Basi baada ya miaka kumi ya utumishi, nyumba moja yaweza kuwa na mapishi mia moja au zaidi. Yako wapi? Mengine yamo kichwani. Mengine yamo nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Mengine yamekatwa gazetini yakatiwa ndani ya Biblia au Msahafu, mahali pasipofaa kabisa. Mengine yamo katika simu ambayo ikianguka majini hayatapatikana tena. Wingi wa namna hii si utajiri. Chakula usichoweza kukiona maelezo yake siku unapokihitaji ni sawa na kwamba huna.

KICHWA SI GHALA

Yapo mambo mawili yanayofanya kumbukumbu ya kichwa isitoshe. La kwanza ni kwamba mpishi hodari aghalabu hajui anachokijua. Mkono wake umekwisha kuzoea, hata hauhesabu tena. Msikilize mke mdogo wa askari akimwuliza jirani yake mzee:

"Mama, unatia chumvi kiasi gani?"

"Kiasi chake, mwanangu."

"Na maji?"

"Mpaka yatoshe."

"Sasa unaepua wakati gani?"

"Harufu yenyewe itakuita."

Mama huyo hana choyo. Amejibu kweli tupu, ila ni kweli inayomfaa yeye peke yake. Siku atakapohamishwa mume wake, au atakaporudi kijijini, au atakapoitwa na Mola wake, kiasi chake kitakwenda naye.

La pili ni zito zaidi. Katika mapishi zimo hatua za ladha, na zimo hatua za uhai. Ukisahau kitunguu, chakula kitapooza tu. Lakini ipo hatua ambayo ukiisahau unaweza kuzika mtu. Mfano ulio wazi ni muhogo mchungu. Muhogo huo una sumu ambayo haionekani kwa macho. Wazee wetu waliishinda kwa kuumenya, kuuloweka kwa muda wa siku 3 au zaidi hata ulainike kabisa, kisha kuukausha juani kabla ya kuusaga. Mwezi wa Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese, watu waliopika na kula unga wa muhogo baada ya kuhudhuria mazishi walipatwa na sumu hiyo. Waliougua walikuwa 98, na 2 kati yao wakafariki dunia. Unga ukiwa sokoni hautangazi umetengenezwa vipi. Mtu aliyehama kutoka mahali penye muhogo mtamu hadi mahali penye muhogo mchungu, naye hana maelezo ila yale ya kwao, yumo hatarini bila kujijua.

Kadhalika liko jambo la chakula cha watoto. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kipo kitengo cha lishe kinachoitwa Mwanamugimu, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kuwatibu watoto waliodhoofika kwa utapiamlo na kuwafundisha mama zao. Mafundisho yake makubwa hayakuwa dawa, bali yalikuwa upishi: ekitobero, yaani mchanganyiko. Mtoto aliyekwisha kutimiza miezi 6 huandaliwa chakula kikuu kama ndizi au viazi, maharagwe au karanga, kiasi cha samaki, nyama au maziwa, pamoja na mboga za majani. Vyote hufungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke juu ya chungu kile kile cha familia. Hakihitaji sufuria ya pili wala makaa ya ziada. Wako akina mama wengi waliofundishwa jambo hili kliniki, wakalifuata kwa mtoto wa kwanza, na alipokuja mtoto wa tatu wakawa wanakumbuka ndizi tu, wamesahau samaki na majani. Wamesahau ile sehemu iliyokuwa tiba.

Kwa hiyo kuandika mapishi si mchezo wa wanawake wenye nafasi. Ni sehemu ya ulinzi wa nyumba.

HATUA YA KWANZA: KUKUSANYA NA KUCHAMBUA

Chagua siku moja ya mapumziko. Chukua kila karatasi yenye maelezo ya chakula, popote ilipo, uzirundike zote mezani au juu ya mkeka. Kisha zigawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la vyakula ambavyo nyumba yenu huvipika kweli. Fungu la pili ni la vyakula ambavyo hamjavipika, lakini mnakusudia kuvijaribu. Fungu la tatu ni la vyakula ambavyo hamtavipika kamwe: keki inayotaka mayai kumi na mbili na jiko la umeme lisilokuwapo, au chakula kinachotaka viungo visivyouzwa hata mjini. Fungu hili la tatu litupwe au apewe mwingine. Usione huruma. Shamba lenye magugu halimnyimi mkulima kazi, humnyima mavuno.

Fungu la pili litiwe katika bahasha moja na kuandikwa juu yake: YA KUJARIBU. Hapana upishi utakaoingia katika daftari la nyumba kabla ya kupikwa mara mbili na kukubaliwa na walaji. Bahasha ikijaa hata isifungike, ni ishara kwamba mnakusanya kuliko mnavyopika. Simamisheni kukusanya kwanza.

Baada ya hapo andika orodha ya vyakula ambavyo mnavipika bila karatasi yoyote, vile vilivyomo kichwani. Orodha hii ndiyo iliyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo isiyokuwa na nakala popote duniani. Anza kuandika maelezo ya vyakula hivyo kabla ya vile vya magazetini.

HATUA YA PILI: VIPIMO

Mwaka 1845 huko Uingereza bibi mmoja aitwaye Eliza Acton alitoa kitabu cha mapishi ambamo aliorodhesha vitu vinavyotakiwa na vipimo vyake pamoja na muda wa kupika, jambo ambalo waandishi wengi wa zamani zake hawakulifanya. Mwaka 1896 huko Boston, Marekani, Fannie Farmer alitoa kitabu chake akasisitiza kwamba kikombe na kijiko visawazishwe juu kwa kisu, visiwe vya kurundika. Leo mambo haya twayaona madogo, lakini ndiyo yaliyowezesha mtu kupika chakula cha mtu ambaye hajapata kumwona.

Hata sisi tulikuwa na vipimo vyetu. Pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba 4 vikifanya pishi 1. Katika masoko yetu ya Uganda kipo kile kikombe cha plastiki cha nusu lita ambacho wauzaji hukiita tumpeco. Ubaya wake ni kwamba muuzaji mkarimu hukirundika na mchoyo hukisawazisha, kwa hiyo kipimo cha sokoni kisitumiwe jikoni mpaka kisawazishwe.

Chagua kikombe kimoja, kijiko kimoja cha chakula na kijiko kimoja cha chai, viwe ndivyo vipimo vya nyumba yako. Kujua ujazo wa kikombe ni rahisi: chukua chupa ya maji ya nusu lita, uimimine. Ikijaza vikombe 2 sawasawa, kikombe chako ni cha mililita 250, nacho chafaa. Kijiko cha chakula huchukua mililita 15 na cha chai mililita 5. Yaani vijiko 3 vya chai hufanya kijiko 1 cha chakula.

Ukikutana na maelezo ya vitabu vya kizamani, tumia hesabu hizi: aunsi 1 ni gramu 28, ratili 1 ni gramu 454, painti 1 ya Kiingereza ni mililita 568, na moto wa tanuri wa digrii 350 za Farenhaiti ni kama digrii 180 za Selsiasi. Ziandike hesabu hizi ndani ya jalada la daftari lako, zisitafutwe kila mara.

Je, vipi kuhusu mama yule wa "kiasi chake"? Usimsumbue kwa maswali. Nenda kwake siku anapopika, ukiwa na bakuli tupu na vijiko vyako. Kila anapotaka kutia kitu sufuriani, mwombe kwa adabu akitie kwanza katika bakuli lako. Pima, andika, kisha mpe akitie. Fanya hivyo siku tatu mbalimbali. Utaona kwamba konzi yake ya chumvi, ambayo aliiita "kidogo tu", karibu haibadiliki hata kidogo. Mkono wa mzee ni mizani. Kazi yako ni kuisoma.

HATUA YA TATU: KUANDIKA

Kila upishi uandikwe kwa mpango mmoja, usiobadilika, kama vile mwalimu anavyoandika andalio la somo. Mambo yanayotakiwa ni saba: jina la chakula; aliyekufundisha na mahali; idadi ya walaji; vinavyotakiwa na vipimo vyake; namna ya kupika, kwa hatua zenye nambari; tahadhari; na mwisho nafasi ya maoni. Mfano ni huu:

B 4. MCHUZI WA KARANGA (kwa Kiganda: ebinyebwa)
Aliyenifundisha: jirani, kambi ya Bombo.
Walaji: 6.
Vinavyotakiwa: karanga zilizosagwa, vikombe 2, maji, vikombe 4, nyanya kubwa 2, kitunguu 1, chumvi, kijiko 1 cha chai.
Namna ya kupika: (1) Koroga karanga katika kikombe 1 cha maji baridi mpaka madonge yaishe. (2) Chemsha vikombe 3 vya maji pamoja na nyanya na kitunguu vilivyokatwa, kwa dakika 10. (3) Mimina karanga, ukikoroga. (4) Punguza moto, uache mchuzi uchemke polepole dakika 30 hadi 40, ukikoroga mara kwa mara, mpaka uwe mzito na mafuta yaanze kuelea juu. (5) Tia chumvi, uepue.
Tahadhari: Usiufunike kabisa, utafurika. Chagua karanga kabla ya kuzisaga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu zitupwe, kwa maana sumu ya ukungu haimalizwi na moto wa jikoni.
Maoni: Wageni walipokuwa 12, vipimo viliongezwa mara mbili, lakini maji vikombe 7 yalitosha.

Yako mambo machache ya kuzingatiwa. Neno TAHADHARI na maneno yote yanayolifuata yaandikwe kwa wino mwekundu. Katika kadi ya muhogo, siku za kuloweka ziwe kwa wino huo. Katika kadi ya mtoto, aina zote nne za chakula ziwe kwa wino huo pia. Mtu anayesoma kwa haraka, mtoto analia na sufuria inachemka, ataona wekundu kabla ya kitu kingine.

Jina la aliyekufundisha lisiachwe. Kwanza ni heshima: aliyekupa ujuzi hakudai fedha, basi angalau atajwe. Pili ni faida, kwani ukikwama utajua wa kumwuliza.

Kuhusu lugha, shauri langu ni kwamba maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, na jina la chakula libaki katika lugha ya wenyewe. Kiswahili kimekuwa lugha ya kambini tangu siku za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili itasomwa na jirani yako wa leo huko Gulu, na jirani yako wa kesho huko Mbarara.

HATUA YA NNE: KUPANGA

Hapa ndipo wengi hukosea njia. Wengine hupanga kwa makabila, wengine kwa tarehe waliyoyapata. Mipango hiyo yapendeza machoni, lakini haijibu swali la mpishi. Mpishi saa kumi jioni hajiulizi, "Nipike cha kabila gani?" Hujiuliza, "Nina maharagwe na unga, nifanye nini?" au "Mtoto ana homa, atakula nini?" Panga mapishi yako kwa maswali hayo. Kwa nyumba nyingi mafungu saba yanatosha:

A. Vyakula vikuu: ugali, atapa, wali, ndizi, viazi, muhogo.
B. Mboga na michuzi isiyo na nyama: boo, firinda, karanga, malewa.
C. Nyama, kuku, samaki na mayai.
D. Chakula cha watoto na wagonjwa.
E. Chakula cha wageni na sherehe: pilau, luwombo, eshabwe.
F. Vitafunio na vinywaji: chapati, maandazi, uji, chai ya tangawizi.
G. Vya kuhifadhi: nyama na samaki wa kukausha, majani ya kukausha, achari.

Kila upishi upewe herufi ya fungu lake na nambari yake: A 1, A 2, B 1, na kuendelea. Upishi mpya hupewa nambari inayofuata katika fungu lake, wala hauvurugi yale yaliyotangulia. Chakula kinachostahili kukaa mahali pawili, kwa mfano samaki wa kukaushwa anayesagwa kwa ajili ya mtoto, kiandikwe mahali pamoja tu, na mahali pa pili uandike: "Tazama G 3."

Mwishoni iwepo faharasa, yaani orodha ya vitu vinavyotakiwa kwa mpango wa alfabeti, na mbele ya kila kitu nambari za mapishi yake. Kwenye neno "dodo" yaonekane mapishi yote ya mchicha. Kwenye "karanga", yote ya karanga. Faharasa ndiyo itakayookoa mwisho wa mwezi. Kilichobaki ghalani kikiwa ni maharagwe na nusu tumpeco ya karanga, hutaumiza kichwa. Utafungua ukurasa mmoja na kuona njia tano.

DAFTARI AU KADI?

Daftari lililoshonwa ni rahisi kupatikana na halipotezi kurasa, lakini halikui. Fungu la B likijaa utalazimika kuingiza mboga katikati ya vitafunio, na mpango wote utaharibika. Anayetaka kutumia daftari na achukue lile nene lenye jalada gumu, aligawe kwanza katika mafungu saba, na kila fungu aliachie kurasa nyingi tupu.

Kadi ni bora kwa mkusanyo unaokua. Karatasi ya manila yenye sentimita 60 kwa 50 ikikatwa vipande vya sentimita 15 kwa 10 hutoa kadi 20. Kadi huwekwa zikiwa zimesimama ndani ya kisanduku au mkebe, na kati ya fungu na fungu hutiwa kadi ndefu kidogo yenye herufi. Ukitaka kupika unatoa kadi moja tu, nyingine zote zikabaki salama mbali na mafuta. Njia ya tatu ni jalada la ofisini lenye vyuma viwili, ambalo karatasi hutobolewa na kuingizwa popote; hili nalo lafaa sana.

Chochote utakachochagua, andika kwa kalamu ya risasi au ya wino mkavu, kwa kuwa wino wa maji hutawanyika kwa mvuke. Usiweke mkusanyo wako juu ya sigiri wala karibu na dirisha linaloingiza mvua. Moshi, mafuta, mende na mchwa ndio maadui wanne wa karatasi, na mkebe wa bati wenye kifuniko huwashinda wote.

Simu nayo ina kazi yake, nayo si ndogo. Kila kadi ikikamilika ipigwe picha, na picha zipelekwe kwa ndugu aliye mbali. Lakini simu iwe nakala, isiwe ghala la peke yake. Karatasi haiishiwi moto wa betri.

SIKU YA UHAMISHO

Amri ya uhamisho aghalabu huja kwa ghafula. Lori lipo nje, watoto wanalia, vyombo vinatupwa ndani ya magunia. Katika msukosuko huo karatasi huonekana kuwa takataka. Kwa hiyo mkebe wa mapishi uwe na mahali pake panapojulikana, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki za watoto. Usifungwe pamoja na vyombo vya jikoni; usafiri mkononi.

Kabla ya kuondoka, tumia jioni moja kwenda kwa jirani ambaye chakula chake mmekipenda lakini hamjakiandika. Mwombe akueleze, nawe umpe kadi moja ya kwenu. Kwaheri ya namna hii hukaa muda mrefu kuliko picha. Na mfikapo kambi mpya, iwe Moroto au Jinja, jaribu kwanza mapishi ya A, kwa sababu unga, maji na kuni za mahali hutofautiana. Andika mabadiliko katika nafasi ya maoni, pamoja na jina la kambi.

KAZI YA NYUMBA NZIMA

Isidhaniwe kwamba mkebe huu ni wa mama peke yake. Siku mama akilazwa hospitali ya uzazi, au akienda msibani kwao kwa wiki mbili, nyumba hubaki na baba na watoto. Askari aliyefundishwa kufuata amri zilizoandikwa hashindwi kufuata kadi yenye hatua tano. Baba akijua kwamba D 1 ni chakula cha mtoto mchanga na D 4 ni uji wa mgonjwa, mtoto hatashindia chai na mkate mpaka mama arudi.

Watoto nao wana sehemu yao. Binti au kijana wa darasa la tano apewe kazi ya kunakili kadi kwa mwandiko safi. Atajifunza kusoma, hesabu za vipimo na upishi kwa pamoja. Mpe kazi ya kuongeza vipimo vya watu 6 viwatoshe watu 15, kisha umwonyeshe ni kwa nini chumvi na maji havikubali hesabu hiyo kwa ukamilifu: chumvi huanzwa kidogo na kuonjwa, na maji katika sufuria kubwa hayapungui kwa kiasi kile kile. Hakuna ubao utakaomfundisha jambo hilo vizuri kuliko sufuria.

Na siku mtoto atakapooa au kuolewa, au atakapoanza kazi yake mwenyewe, mnakilie mkusanyo wote. Vyombo vitavunjika na nguo zitachakaa. Kadi aliyoiandika bibi yake kwa mkono wake, yenye doa la mafuta pembeni na maneno mekundu yasemayo "loweka siku 3", itaendelea kumlinda yeye na watoto wake.

Haba na haba hujaza kibaba. Hapana anayeweza kuandika mapishi mia moja kwa siku moja, wala haitakiwi. Andika mawili kila wiki. Mwaka ukiisha yatapita mia moja. Wiki hii anza na kadi mbili tu: moja ya chakula cha mtoto, na nyingine ya chakula kile ambacho katika nyumba yako anakijua mtu mmoja peke yake. Mwulize leo, maadamu yupo.